Kituo cha umeme cha makaa ya mawe na pesa ya likelemba: jibu kwa mama wa Katuba

«Jambo baba injenia. Nina mashine mbili za kusaga mahindi hapa Katuba, Lubumbashi. Umeme unakatika kila siku, na ukirudi jioni unarudi bila nguvu. Mwaka huu mota moja imeungua mara mbili. Nikiwasha jenereta, mazutu (dizeli) inakula faida yote. Sasa kuna kampuni inayotafuta makaa ya mawe huko kaskazini. Wajumbe wake walikuja mtaani kwetu na gunia la makaa, picha ya kituo cha umeme cha megawati 300, na hati ya makubaliano yenye saini na mihuri. Wanasema makaa hayo hayajawahi kuguswa, kwamba baada ya miaka mitatu Lubumbashi itasahau delestaji (mgao wa umeme), na kwamba sheria inawapa Wakongomani asilimia 10, kwa hiyo tununue sehemu sasa kabla bei haijapanda. Sisi akina mama wa likelemba, tunaochanga na kupokea kwa zamu, tuna dola 6,000. Wenzangu wameniachia mimi uamuzi kwa sababu mimi ndiye ninayefanya kazi na umeme. Je, makaa hayo yapo kweli? Kituo kinaweza kujengwa kwa miaka mitatu? Tutoe pesa au tuache?»

Mama, jambo sana. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: kwa hali uliyonieleza, pesa ya likelemba isitoke. Sisemi kwamba watu hao ni wezi. Siwajui na sitawahukumu. Wala sisemi kwamba makaa ya mawe ni hadithi. Ninachosema ni kwamba vitu vyote walivyowaonyesha, gunia, picha na hati, ni vya mwanzo kabisa wa safari ndefu, na anayetia pesa mwanzoni mwa safari hiyo awe mtu anayeweza kuipoteza yote na watoto wake wakaendelea kusoma. Akina mama wanaongojea zamu yao ya likelemba ili walipe minervali, yaani karo ya watoto, hawamo katika kundi hilo.

Makaa yapo. Yako Luena, kando ya reli kati ya Bukama na Kamina, na yako katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie. Yalichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, yakaendesha treni na tanuru za viwanda vya Katanga. Kwa hiyo anayekwambia kwamba makaa ya kaskazini hayajawahi kuguswa, ama hajui historia ya nchi anayotaka kuchimba, ama anaijua na hakutaka muijue ninyi. Na ukishajua kwamba yamechimbwa zamani, swali zito linajileta lenyewe: mbona hakuna aliyejenga kituo kikubwa cha umeme juu yake miaka yote hiyo?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni maji. Katanga ilikuwa na maporomoko ya Lufira na Lualaba, na umeme wake ulikuwa rahisi: Mwadingusha ilianza mwaka 1930, Koni 1950, Nzilo 1952, Nseke ikafuata muda mfupi baadaye. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuwasha makaa wakati mto unafanya kazi bure. Sababu ya pili ni makaa yenyewe. Yana majivu mengi.

Hapa nakuomba tusimame kidogo, kwa kuwa gunia lile ndilo lililowashika wenzako. Kama bado lipo, chukua bonge moja uligeuze mkononi mahali penye jua. Utaona mistari: mingine myeusi inayong'aa, mingine ya kijivu isiyong'aa. Ile myeusi ndiyo inayowaka. Ile ya kijivu ni udongo uliogeuka jiwe pamoja na makaa, na hauwaki hata ukiupuliza mpaka kesho. Pima kilo moja kwenye mizani yako ya unga, iwashe katika mbabula (jiko la mkaa) nje ya nyumba, mahali penye hewa (ndani usithubutu, hewa ya makaa ya mawe inaua watu usingizini), na yakishaisha kabisa upime kilichobaki. Ikibaki gramu 400, umejua kwamba karibu nusu ya gunia ni mawe. Lakini hata hivyo hujajua lolote kuhusu mgodi, maana aliyeleta gunia alichagua mwenyewe ajaze bonge zipi.

Kinachosema ukweli kuhusu mgodi ni kuchoronga. Wanatoboa ardhi mashimo mengi kwa mpangilio, wanatoa nguzo ndefu za mwamba, wanazikata vipande na kuvipeleka maabara kupima vitu vinne: joto, majivu, unyevu na salfa. Baada ya hapo ndipo mtaalamu anayejulikana kwa kazi hiyo anaandika kwamba hapa chini kuna tani kadhaa. Na hata tani hizo hazijawa akiba ya kuchimba. Zinakuwa akiba pale tu mtu akishaonyesha kwamba kuzitoa, pamoja na kuondoa udongo wote ulio juu yake, kunaleta faida. Kampuni nyingi zinatangaza namba ya kwanza kwa sauti kubwa na kuinyamazia ya pili.

Sasa, kwa nini mchimbaji wa makaa atake kuuza umeme? Watu wanadhani ni ukarimu au ni tamaa ya kupanuka. Kwa kweli ni hesabu ya usafiri. Makaa yenye majivu mengi hayalipi gharama ya behewa. Ukiyapakia kwenye treni unalipia tani kumi, na nne kati yake ni mawe ambayo mnunuzi atayatupa. Basi mhandisi anasema: tusiyasafirishe, tuyachome palepale mgodini, tusafirishe umeme kwa waya. Wazo hilo ni zuri na mimi mwenyewe naliheshimu. Lakini angalia maana yake kwa mwenye kampuni: bila kituo cha umeme, makaa yake hayana mteja. Kituo ndicho mteja anayemtafuta. Siku anapotangaza kituo, kibali chake cha utafiti kinaanza kuonekana na thamani, ingawa hakuna tofali lililowekwa. Tangazo lina gharama ndogo sana kwake, na linamfanyia kazi kubwa.

Kituo chenyewe kinafanya kazi hivi. Makaa yanasagwa, yanachomwa katika tanuru, moto unachemsha maji yanayopita ndani ya mabomba, mvuke unatoka kwa nguvu na kuzungusha turbini, turbini inazungusha jenereta. Halafu mvuke unapozwa uwe maji tena, na hapo ndipo panahitajika maji mengi ya mto au ziwa, au mapoozeo makubwa ya hewa. Katika kila sehemu tatu za joto lililotoka kwenye makaa, karibu mbili zinapotea njiani. Kwa makaa yenye majivu mengi hutumiwa tanuru za aina yake, ambamo makaa yanarushwarushwa na hewa kutoka chini pamoja na mchanga mpaka yaishe kuungua.

Tufanye hesabu ya ile megawati 300. Ikifanya kazi usiku na mchana, ni kilowatisaa 7,200,000 kwa siku. Tuseme kilo moja ya makaa ya namna hiyo inatoa kilowatisaa 1.2. Kituo kitakula tani 6,000 kila siku. Ikiwa majivu ni asilimia 40, kila siku kinaacha tani 2,400 za majivu, malori 80 ya tani 30, na kesho yake tena. Kwa upande wako: mota ya kilowati 15 ikisaga saa moja imekula zaidi ya kilo 12 za makaa na kuacha kilo 5 za majivu mahali ambapo hutapaona. Majivu hayo lazima yawekewe eneo, yazuiwe yasipeperuke kwenye mashamba wala kutiririka mtoni. Waulize wajumbe majivu yatawekwa wapi. Aliyeshafanya kazi ya kweli ana ramani ya jibu hilo.

Halafu pesa. Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Maamba, kusini mwa Zambia, karibu na ziwa Kariba. Kituo chake cha megawati 300 kiligharimu zaidi ya dola milioni 800. Hakuna mchimbaji wa makaa anayetoa pesa hiyo mfukoni. Sehemu kubwa inatoka benki. Na benki haiulizi kwanza kama makaa yapo. Inauliza: nani ameahidi kwa mkataba kununua umeme huu kwa miaka 15 au 20, kwa bei gani, na asipolipa nani atalipa badala yake? Bila karatasi hiyo moja, kuchoronga kote, ramani zote na picha zote zinabaki kwenye makabati. Watu wanaangalia makaa. Kinachojenga kituo ni mnunuzi wa umeme.

Maamba ilifanikiwa, na tuseme ukweli kwa nini. Mgodi ulikuwa tayari unachimbwa kwa karibu miaka 40. Kampuni ya Kihindi, Nava Bharat, iliingia mwaka 2010 ikachukua asilimia 65, na kampuni ya serikali ya Zambia, ZCCM-IH, ikabaki na 35. Mnunuzi alikuwa mmoja na anajulikana, shirika la umeme ZESCO. Pamoja na yote hayo, umeme ulianza kutoka mwaka 2016. Miaka sita, kwa mgodi uliokuwa tayari wazi! Na hata baada ya hapo ZESCO ilichelewa kulipa mpaka deni likafika mamia ya mamilioni ya dola, mambo yakapelekwa kwa wasuluhishi. Mwenye hisa wa Maamba alihitaji pumzi ndefu.

Sikufichi upande wa pili: kituo hicho kilionyesha faida yake. Ukame wa mwaka 2024 ulipoyashusha maji ya ziwa Kariba yanayozungusha turbini zake, Zambia ikakaa gizani saa nyingi kwa siku, na Maamba ikaendelea kutoa umeme kwa sababu makaa hayangojei mvua. Hata sisi tuliguswa, maana sehemu ya umeme unaoingia Katanga unanunuliwa kutoka huko na kupokelewa Karavia, kituo cha kupokelea umeme hapa Lubumbashi. Kwa hiyo simcheki anayesema nchi yetu, inayotegemea karibu mito tu, ingefaa kuwa na kitu kingine cha kuegemea. Ni hoja ya haki. Ila hoja ya haki kwa nchi haigeuki kuwa sababu ya mama wa Katuba kutoa dola zake.

Maana upande wa waliokwama ni mrefu kuliko upande wa Maamba. Kule Tete, Msumbiji, kuna kampuni iliyoingia soko la hisa la London mwaka 2010 ikiitwa Ncondezi Coal. Ikabadili jina ikawa Ncondezi Energy, ikatangaza kituo cha megawati 300 mgodini, wabia wakubwa wakaja na wakaondoka, na kituo hakikujengwa. Jirani zetu Tanzania, Kibo nayo ilitangaza megawati 300 za makaa upande wa Mbeya, na mwaka 2018 ikatia saini hati ya makubaliano na TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Mwaka uliofuata mlango wa TANESCO ukafungwa. Kampuni zote mbili ziliendelea kuuza hisa mpya ili zilipe gharama za kungoja. Kule Lamu, Kenya, makaa yalikuwa yaletwe kwa meli, lakini funzo ni lilelile: leseni ilishatolewa, na mwezi wa sita mwaka 2019 baraza la mazingira likaifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baadaye, mwezi wa tisa mwaka 2021, Rais Xi Jinping akauambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena vituo vipya vya makaa nje ya nchi yake. China ndiyo iliyokuwa mfuko mkubwa wa miradi ya namna hii Afrika. Tangu siku hiyo, kumpata mkopeshaji wa kituo kipya cha makaa kumekuwa kugumu kuliko ilivyokuwa Maamba ilipojengwa.

Sasa unaweza kuipima miaka mitatu waliyokuahidi. Ujenzi peke yake, siku ya kwanza ya kumwaga zege mpaka siku ya kuwasha, kwa kawaida ni miaka mitatu hadi minne. Kabla yake kuna kuchoronga, utafiti wa mazingira, mkataba wa umeme na mkopo. Kampuni iliyo bado katika kutafuta makaa haiwezi kuahidi umeme baada ya miaka mitatu. Ahadi hiyo peke yake ingetosha kunifanya nirudishe kalamu mfukoni.

Kuhusu hati yenye mihuri: ilivyoelezwa, ni makubaliano ya awali. Ni barua ya posa. Familia imepokea barua, imekubali kuzungumza. Hakuna mahari iliyotoka na hakuna ndoa. Ukisoma hati hizo hadi mwisho, mara nyingi utakuta sentensi inayosema kwamba hakuna upande unaofungwa nayo. Waombe muisome yote, mpaka ukurasa wa mwisho.

Ile asilimia 10 ina mzizi wa kweli, na ndiyo inayoifanya iwe hatari. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kweli Wakongomani, watu binafsi, wawe na angalau asilimia 10 ya kampuni inayopata kibali cha kuchimba. Lakini kibali cha kuchimba ni kimoja, kibali cha utafiti ni kingine. Cha utafiti ni cha miaka mitano, kinaweza kurudiwa mara moja; cha kuchimba ni cha miaka 25 na kinatolewa baada ya kampuni kuonyesha mgodi unaolipa na uwezo wa kuugharamia. Kampuni inayotafuta makaa bado haijafika huko. Tena sheria inasema Wakongomani wawemo. Haisemi kwamba kila karatasi inayouzwa mtaani inamwingiza mtu humo. Anayeingia ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya kampuni, kwa njia inayotakiwa na OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, tunayoifuata tangu 2012. Ikiwa kampuni yao ni SARL (kampuni ya wabia wachache), haina ruhusa ya kuwauzia umma sehemu zake. Ikiwa ni SA (kampuni ya hisa) na inauzia umma, kuna masharti mazito ya mtaji na ya maelezo ya maandishi kwa wanunuzi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo muuzaji hawezi kuyasema kwa hiari. La kwanza: hisa zako zitapungua uzito. Kampuni ikiwa na hisa 1,000 na ninyi mna 10, mna asilimia moja. Siku mbia mkubwa anapoingia na pesa ya kujenga, kampuni inatoa hisa mpya, tuseme 9,000. Ninyi bado mna 10, ila sasa ni moja kwa elfu. Hakuna aliyewaibia, ndivyo pesa kubwa inavyoingia, na wa mwanzo wadogo ndio wanaobanwa. La pili: Kongo haina soko la hisa. Likelemba ikivunjika, au mmoja wenu akifiwa na kutaka pesa yake, mtamuuzia nani karatasi hiyo? Mashine yako ya kusaga, hata mbovu, ina mnunuzi kesho asubuhi.

Ninakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi katika ahadi yao, kwa sababu nimelisikia miaka mingi katika miradi mingine: kwamba kituo kikijengwa, delestaji ya Katuba itakwisha. Mama, tazama waya mkubwa wa umeme unaotoka mabwawa ya Inga, magharibi ya nchi. Tangu mwaka 1982 unabeba umeme kilomita karibu 1,700 hadi Kolwezi, na vijiji vilivyo chini yake njia nzima viliachwa gizani, maana uliwekwa kwa ajili ya migodi. Umeme unamfuata aliyetia saini mkataba mrefu wa kulipa dola. Benki itamtaka mnunuzi wa namna hiyo, na katika Katanga mnunuzi huyo ni mgodi wa shaba. Mtaa wenu hauwezi kutia saini mkataba huo. Na hata megawati 300 zote zikifika Karavia, bado zitapita kwenye nyaya zilezile, kabini ileile (kibanda cha transfoma ya mtaa) na transfoma ileile iliyowekwa wakati mtaa una nyumba chache. Jioni resho (majiko ya umeme) zote zikiwashwa, transfoma imezidiwa, voltage inashuka. Hakuna makaa yanayotibu kabini.

Na hapo, mama, ndipo kwenye ugonjwa wako halisi, ambao hukuniuliza lakini umenieleza. Mota iliyoungua mara mbili, yaelekea haikuungua kwa kukosa umeme. Yaelekea iliungua kwa umeme dhaifu, au kwa kupoteza fazi moja, yaani moja ya nyaya tatu zinazoilisha. Mota ya fazi tatu imetengenezwa kwa volti 380 hadi 400. Zikishuka hadi 330 au 340 wakati jiwe limejaa mahindi, mota inataka kufanya kazi ileile, kwa hiyo inavuta ampea zaidi, waya za ndani zinapata joto, vanishi inaanza kunuka. Harufu hiyo unaijua. Fazi moja ikikatika, ni mbaya zaidi: mota inanguruma bila kuzunguka vizuri, na dakika chache zinatosha kuimaliza. Kuna kifaa kidogo, rele ya kulinda fazi na voltage, kinachokata umeme kabla ya hapo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kusukisha mota upya mara moja tu. Kila mashine iwe na yake, na pamoja nayo rele ya joto iliyopimwa kulingana na ampea za mota, isiwe ile ambayo fundi aliipandisha juu kabisa ili «isisumbue».

Kwa upande wa kabini, mnajua kwamba mitaa mingi ya Lubumbashi imechanga yenyewe kununua kebo au transfoma. Sipendi kwamba mzigo huo unamwangukia mteja, lakini mchango wa namna hiyo unaleta umeme mtaani kwa njia ambayo kituo cha kaskazini hakitaweza. Mkiamua hivyo, msitoe hata dola moja kabla ya Snel, shirika la umeme la nchi, kuandika: transfoma ya ukubwa gani, itawekwa wapi, ni nyumba na mashine ngapi zitaunganishwa, na mchango wenu utarudishwaje au kukatwaje kwenye bili. Bila kuandikwa idadi hiyo ya nyumba na mashine, mwaka ujao mtaa wa pili utaunganishwa juu yenu na mtarudi mlikokuwa.

Kuhusu sola sitakudanganya: dola 6,000 hazitoshi kuendesha mashine mbili za kilowati 15 siku nzima. Zinaweza kufikia mashine moja ndogo inayosaga wakati wa jua, bila betri nyingi. Jenereta mpya ni rahisi kununua na ghali kulisha. Huo wimbo unaujua. Kwa hesabu yangu, rele mbili, kebo nene zaidi kutoka mita hadi mashine, na kuhamishia kazi kubwa saa za usiku au alfajiri pale umeme unapokuwa na nguvu, vitakuokolea pesa nyingi kuliko gawio la kampuni yoyote ya makaa katika miaka kumi ijayo. Na pesa ya likelemba ibaki likelemba.

Kama kuna mwenzenu ambaye bado anataka kuweka pesa yake mwenyewe, asikatazwe kwa kelele. Aende guichet unique, ofisi ya kuandikisha kampuni, aombe dondoo ya kampuni katika daftari la biashara: ni SARL au SA, wasimamizi ni nani, mtaji ni kiasi gani. Aende CAMI, ofisi ya vibali vya madini, aulize kibali ni cha utafiti au cha kuchimba, kina jina la nani, kinaisha lini. Halafu awaombe wajumbe vitu vitatu: ripoti ya kuchoronga yenye jina la mtaalamu, cheti cha mazingira kutoka ACE (wakala wa mazingira wa serikali), na mkataba wa mauzo ya umeme, au angalau jina la mnunuzi. Tangu sheria ya umeme ya mwaka 2014, kampuni binafsi inaweza kuzalisha umeme nchini mwetu, lakini lazima ipewe ruhusa, na msimamizi ni ARE, mamlaka ya kusimamia umeme. Bei ya mkataba inaweza kuwa siri ya biashara. Kuwapo kwa leseni si siri. Anayekujibu kwamba hata hilo ni siri, amekujibu.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza. Kabla ya mtu yeyote kutia saini, karatasi ya kununua sehemu isomwe na wakili, ana kwa ana, na malipo yapite benki kwenye akaunti ya kampuni, yasipite mkononi wala kwenye simu ya mjumbe. Ikiwa kuna mama aliyekwisha kutoa chochote, atunze risiti, ujumbe wa simu na majina, aende kwa wakili wiki hii hii bila kugombana na wajumbe, maana wakishtuka wanahama. Na mota zako zinahitaji fundi umeme mwenye kipimo mkononi, aje jioni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wakati mashine inasaga, asije saa nne asubuhi peke yake wakati kila kitu ni kizuri.

Mwambie apime volti kati ya fazi zote tatu na ampea za kila fazi, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, na uandike kwenye daftari. Piga picha pia ya bati dogo lililo ubavuni mwa mota, lenye namba za kilowati na ampea. Nitumie hizo, nami nitakwambia rele ya ukubwa gani ununue na kebo ya unene gani, ili fundi asikuuzie kitu usichokihitaji.